Wanawake Sita wa Kiwanda cha Mashati

Severa hakuwa mtu wa kutulia. Hata akikaa kwenye kigoda kumenya ndizi, mguu mmoja ulikuwa unacheza chini, na mdogo wake Candida, aliyekaa naye chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, alizoea kumwambia aushike huo mguu kabla haujaondoka peke yake. Mwaka ule, ambao redio ilikuwa ikitangaza kuwa ni mwaka wa wanawake dunia nzima, hali ilizidi. Kariakoo yote ilikuwa inatikisika kwa ujenzi wa soko jipya, vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye sufuria, na unga uliopatikana dukani ni ule wa njano ambao watu wa mjini waliubatiza Yanga. Katikati ya vurugu hiyo Severa alipita kila asubuhi kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na kila aliyemjua alikijua. Alitaka kuandikwa mkataji mkuu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Gerezani, kiwanda cha mashati. Kabla ya kutaifishwa kilikuwa mali ya familia moja ya Kihindi, na mkataji mkuu alikuwa mzee Chandu, ambaye siku moja alimwona Severa akifagia vipande vya vitambaa sakafuni akamwuliza kama mkono wake unaweza kushika mkasi mzito. Uliweza. Kukata si kazi ya kuchezea. Vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, vikachorwa kwa chaki, vikakatwa kwa pamoja, kwa hiyo mkataji akiteleza hajaharibu shati moja, ameharibu mashati ya wilaya nzima. Mzee Chandu alipostaafu na kwenda kukaa kwa binti yake Upanga, meza ilibaki kwa Severa. Aliyechora alikuwa yeye, na kitambaa kikigoma aliyeitwa alikuwa yeye. Kwenye karatasi aliendelea kuitwa msaidizi.

Alivumilia. Alidhani mambo ya mashirika ya umma ndivyo yanavyokwenda, polepole, na kwamba kuna siku karatasi itaifikia kazi. Aliyemmaliza uvumilivu ni Kasmir, tena bila kukusudia. Kasmir alikuwa msaidizi wa kukata kama yeye, na chaki aliyoshika alifundishwa kuishika na Severa. Siku moja ya mshahara alimletea bahasha yake amwangalizie kama makato ya chama cha wafanyakazi ni sawa. Severa aliyaangalia makato, kisha macho yakashuka mpaka mstari wa chini, yakagoma kuondoka pale. Kasmir alikuwa anamzidi kwa karibu theluthi nzima.

Kasmir alipoelewa kinachoangaliwa, alishtuka kuliko Severa mwenyewe. Alijitetea kwamba siku ya kuajiriwa aliulizwa kama ana familia, akajibu anayo, wakaandika. Severa naye alikuwa na Wilbert, anayesoma Rombo kwa bibi yake, na alimlea peke yake tangu baba mtu alipovuka mpaka kwenda kutafuta kazi Mombasa akasahau njia ya kurudi. Yeye hakuna aliyemwuliza. Alimrudishia Kasmir bahasha, akamwambia makato yako sawa.

Asubuhi iliyofuata alipanda ngazi kwa ofisa utumishi. Onesphory alikuwa mtu wa kwao, parokia moja huko Rombo, na jambo hilo lilimpa Severa ujasiri ambao, ukiniuliza mimi, haukuwa na msingi. Mtu wa kwenu akishakaa nyuma ya meza, meza ndiyo kwao. Hata hivyo Onesphory alimpokea vizuri, akaagiza chai, akamwulizia mtoto, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavuta faili na kutoa jedwali lililopigwa chapa safi.

Alimweleza kwamba mwaka huu kila shirika lilitakiwa kuonyesha wanawake wake wamefikia wapi, na kwamba matokeo ya kiwanda chao yaliwafurahisha wakubwa mpaka wakapiga simu kumpongeza. Kwa kila shilingi mia anazopata mwanamume wa kiwanda kile, kwa wastani, mwanamke anapata mia na tisa. Aliisema ile mia na tisa taratibu, kama mtu anayemtaja mwanawe aliyefaulu.

"Sasa Mama Wilbert, nyie mko mbele," alisema. "Nikikupandisha wewe tena, si nitakuwa nawaonea wanaume?"

Severa alishuka ngazi, na kuambiwa yuko mbele kulimuuma kuliko kunyimwa. Mtu akikwambia una njaa unaweza kubisha. Lakini akikwambia umeshiba, na karatasi yake ina muhuri, unaanza kujishika tumbo mwenyewe. Siku nzima aliishika ile mia na tisa na kuigeuza. Alikata, akachora, akakosea mstari, akaufuta kwa kanga yake, jambo ambalo mzee Chandu angemfukuzia nje.

Jedwali lilikuwa limetengenezwa na Indumati, karani wa takwimu. Indumati alikuwa amebaki Upanga na mama yake baada ya kaka zake wote kuhamia Uingereza, mwanamke mpole, mwoga wa kila mlango unaogongwa, na rafiki wa Severa kwa sababu ya chakula tu: mchana walikaa pamoja kwenye ngazi za nyuma, mmoja na chapati zake, mwingine na ndizi zake, wakabadilishana. Severa alimwuliza moja kwa moja imekuwaje yeye awe chini ya Kasmir halafu wanawake wawe juu ya wanaume.

Indumati aliangalia kwanza kama kuna mtu. Kisha akaeleza, na maelezo yenyewe hayakuwa magumu. Wanawake walioandikwa kwenye orodha ya waajiriwa walikuwa sita: wapiga chapa watatu, muuguzi wa zahanati, Indumati na Severa. Wote wana ujuzi, hakuna wa mshahara wa chini kabisa. Wanaume walikuwa zaidi ya mia, na humo walimo walinzi, wafagiaji na wapakiaji wa ghala, ambao tawi la chama liliwapigania mpaka wakapata ajira ya kudumu. Meneja mmoja huwezi kumgawa kwa wafagiaji wote akatosha. Ndipo wastani wa wanaume ukashuka, na wa wanawake ukabaki umekaa juu peke yake.

Severa akauliza, na wale wa vifungo je? Maana chumba cha mwisho kilijaa wanawake, zaidi ya arobaini, wanashona vifungo, wanakata nyuzi, wanapiga pasi. Hao walikuwa vibarua. Kila mwisho wa mwezi majina yao yalifutwa na kila tarehe moja yakaandikwa upya, wengine mwaka wa nne sasa, ili pasiwepo hata mmoja aliyefikisha muda wa kudai ajira.

"Hao hawamo kwa wanaume wala kwa wanawake," Indumati alisema. "Mimi nimeambiwa niwaweke kwenye matumizi madogo madogo. Pamoja na sabuni na mafuta ya cherehani."

Candida alikuwa mmoja wao. Siku zote Severa alijua mdogo wake ni kibarua, na alijua kibarua hana likizo wala matibabu. Lakini haikumpitikia kwamba ukibarua ulikuwa umemtoa hata kwenye hesabu ya wanawake. Akaweka chapati chini, akasimama, akakaa, akasimama tena. Indumati akamwomba kwa jina la Mungu asimtaje.

Hakumtaja, ila habari yenyewe aliipeleka chumba cha vifungo siku hiyohiyo. Aliwaambia yote, mia na tisa na sabuni. Walisikiliza sindano zikiwa mikononi. Aliyecheka kwanza ni Kijakazi, mwanamke wa Buguruni aliyeolewa mara tatu na kuachwa mara tatu na kudai kwamba kila mara ilikuwa nafuu. Kijakazi alisema basi leo amejua kwa nini mikono yake inatoa povu. Walipomaliza kucheka walijadiliana, na uamuzi wao ulikuwa wa busara. Wao wakienda kudai watafutwa tu tarehe thelathini na wasiandikwe tarehe moja. Lakini mkataji mkuu ana haki ya kuomba watu wa kudumu wa sehemu yake. Kwa hiyo Severa apate kwanza. Akishakaa pale, awavute.

Candida ndiye aliyelisisitiza zaidi. "Wewe pata kwanza, dada," alimwambia. "Sisi tupo, hatuendi popote."

Haukupita mwezi, Onesphory akamwita juu mwenyewe. Wageni wa wizara walikuwa wanakuja kukitazama kiwanda ambacho wanawake wanaongoza, na katika kuwaza mapokezi alikuwa amegundua jambo. Kiwanda kama hicho kikiwa na mkataji mkuu mwanamke kitapendeza zaidi, na mia na tisa itapanda mpaka mia na kumi na kitu. Wiki chache nyuma cheo hicho kilikuwa kinawaonea wanaume, sasa kilikuwa pambo. Barua ya cheo ilikwisha kupigwa chapa, akamwonyesha. Angeisaini wageni wakishaondoka salama. Severa angesoma risala ya wafanyakazi wanawake, na ile tarakimu ingekuwa katikati ya risala.

Tangu siku hiyo Severa hakuwa na usingizi wala hamu ya kula. Risala aliisoma akifua, aliisoma akipanga foleni ya sukari, aliisoma njiani akigongana na wapagazi wa Kariakoo waliomtukana naye asiwasikie. Furaha ilikuwepo, lakini haikumkaa vizuri. Mara mbili alimwuliza Candida kama kweli haoni ubaya. Candida alimjibu kwamba ubaya ni kukaa chini miaka yote hiyo.

Kosa la Onesphory lilikuwa moja, na mtu wa nchi nyingine asingelifanya. Kwa kawaida siku za wageni vibarua hawaitwi kazini. Lakini miaka ile mgeni wa serikali akiteremka kwenye gari bila kupigiwa vigelegele, hilo ni tusi. Wanawake sita hawajazi uwanja, na kati ya hao sita Indumati hajui kupiga kigelegele na muuguzi anaona haya. Basi Onesphory akatoa ghalani kanga za sare, akawavalisha wanawake wote wa chumba cha vifungo, akawapanga mistari miwili kutoka getini mpaka kwenye jukwaa. Kwake ule ulikuwa ukarimu. Hakufikiri hata kidogo kwamba alikuwa anawaweka uwanjani watu ambao kwenye jedwali hawapo.

Mgeni mkubwa alikuja Ijumaa. Aliitwa Celina, ofisa wa wizara, mfupi, mwenye miwani na kimya kingi. Alipita katikati ya vigelegele akitabasamu, akapeana mikono na wengi, akakaa, akafungua jedwali alilopewa na kulisoma, jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi. Severa alikuwa amesimama tayari na risala yake. Celina akanyanyua mkono kidogo kumzuia.

"Samahani, ndugu. Hapa naambiwa kiwanda kina wanawake sita. Hawa wote ni wa wapi?"

Onesphory hakupepesa jicho. "Ni wake wa wafanyakazi," alisema. "Wamekuja kutusaidia kuwapokea." Kisha akageuka, sauti laini, ile ya mtu wa nyumbani. "Siyo, Mama Wilbert?"

Uwanja mzima ukamgeukia yeye. Aliyaona macho ya Indumati yakitazama chini. Alimwona Kasmir. Alimwona Candida mstari wa mbele, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi karibu na bega, kwa mazoea ya kazi. Barua ilikuwa juu ofisini, mezani kwa Onesphory, chini ya faili, inangoja kalamu. Na wao si ndio waliosema apate kwanza? Hayo yote yalimpita kwa haraka, na ulimi ukawahi.

"Ndiyo," Severa alisema. "Ni wake wa wafanyakazi."

Hakuna aliyesema neno. Neno moja tu kutoka kwa yeyote kati yao lingemwangusha, na wote walilijua. Kisha katikati ya ukimya ule Kijakazi akapiga kigelegele kirefu, wenzake wakaitikia, uwanja ukachangamka, na Celina akalikunja jedwali. Severa alisoma risala mpaka mwisho. Alipofika kwenye mia na tisa walimpigia makofi.

Barua ilisainiwa alasiri hiyohiyo.

Nyumbani Candida alipika, akamtengea dada yake kwanza, akamwambia hongera. Severa alingoja ugomvi. Ugomvi ungemsaidia, angejitetea, angelia, yangeisha. Candida aliosha vyombo akalala. Jumamosi Severa alitoka asubuhi bila safari, akateremka mpaka Jangwani, akarudi, akazunguka uzio wa soko jipya, akanunua nyanya na kuziacha kwa muuzaji. Jumapili alitoka kanisani kabla ya komunyo. Cheo alichokitamani kwa miaka alikuwa nacho kwenye mkoba, na alikuwa anatembea nacho kama kitu cha wizi.

Jumatatu alisimama kwenye meza yake kwa cheo chake kamili kwa mara ya kwanza. Wanawake wa vifungo walikuja kuchukua mafungu ya kazi kama kila siku, na Kijakazi alipofika mbele yake hakulichukua fungu. Alitazama huku na huku kwa makini, kama mtu aliyepotelewa.

"Mkataji mkuu," alisema, "Ijumaa umeniozesha mbele ya serikali, nashukuru. Sasa nionyeshe mume wangu ni yupi humu ndani, mwisho wa mwezi nikapokee mshahara wake."

Walicheka wote, na hawakucheka kwa chuki, hilo ndilo lililomchoma. Candida peke yake hakucheka. Severa aliweka mkasi chini akapanda ngazi.

Alimwambia Onesphory kwamba kwa cheo chake kipya anaomba watu wa kudumu, na watu anao, wako chumba cha vifungo. Onesphory hakukasirika. Alimwonyesha kiti, akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni mwa gazeti, akamgeuzia aone. Wanawake wale wakiingizwa, mia na tisa haipo tena. Wastani unaporomoka mpaka hamsini na kitu.

"Unataka kuwaangusha wanawake wenzako, tena mwaka wao huu?" alimwuliza, na usoni alionekana anaamini anachokisema.

Hapo ndipo Severa alipoelewa mambo yalivyo. Candida alikuwa anaachwa nje ili wanawake wapendeze. Na yeye alikuwa amepandishwa kwa sababu hiyohiyo. Akae pale mezani mpaka azeeke, aombe kila mwaka, atajibiwa vilevile, tena kwa chai. Alishuka ngazi, akapita meza yake bila kusimama, akatoka getini na chaki mikononi, mlinzi akamwuliza kulikoni asijibiwe.

Alikwenda kwa miguu. Alifuata barabara mpaka Mnara wa Saa, akakatisha katikati ya magari ya Posta, jasho linamtoka, mara mbili akageuka kurudi na mara mbili akajitukana. Alimfikiria Wilbert na ada yake. Alifikiria wiki ile moja angalau angeimaliza kama mkataji mkuu, hata siku tatu. Harufu ya samaki wa kukaanga wa Feri ilimfikia kabla hajayaona majengo ya wizara.

Alikalishwa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Celina alipomruhusu kuingia alimkumbuka, akamtaja kwa jina na kumsifu kwa risala. Severa alikataa kukaa. Alisema akikaa hataweza kusema.

"Ijumaa nilikudanganya," alisema. "Wale si wake wa mtu. Ni wafanyakazi wa kiwanda. Yule wa mbele ni mdogo wangu, anashona vifungo mwaka wa nne."

Aliyamwaga yote, kufutwa na kuandikwa upya, matumizi madogo madogo, bahasha ya Kasmir, na kila alipofika kwenye jina la Indumati aliliruka. Celina aliandika kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani akamwambia kwa upole kwamba hilo likishafika juu litarudi chini, na cheo chake hakitapona, pengine hata kazi yenyewe. Severa akasema anajua.

Celina alikuwa bado hajaridhika. Kuna jambo lilimsumbua tangu Ijumaa ile, na aliliuliza sasa.

"Wale kina mama walikuwa zaidi ya arobaini, na wote walikusikia. Ingetosha mmoja tu anyooshe mkono. Kwa nini walikaa kimya?"

Severa alitazama chaki iliyoganda kwenye vidole vyake.

"Walitaka mimi nipate," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.